WATOTO WENYE VIPAWA KATIKA SHULE ZETU ZA UMMA

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetupa kazi ya kusema juu ya watoto wenye vipawa katika shule za umma, na jinsi Chama chetu kiwezavyo kuwafaa. Twaomba mtuvumilie kwa muda mfupi, maana mwishoni tutaweka mbele yenu shauri moja lihusulo Mfuko wa Karo.

Kwa miaka mingi nchi yetu imewatafuta watoto wa namna hii kwa njia moja, nayo ni mtihani. Mtihani wa KCPE ulianza mwaka 1985, ukafanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwaka huo wa mwisho watahiniwa walizidi milioni 1.4, na waliopata alama 400 au zaidi katika 500 walikuwa 8,523. Hao walisifiwa, nao walistahili sifa. Chanda chema huvikwa pete. Lakini je, twaweza kuamini kwamba watoto wenye akili katika Kenya nzima walikuwa hao tu?

Sisi hatuamini hivyo. Alama hupima mambo mawili kwa pamoja: kile alicho nacho mtoto, na kile alichopewa. Tuseme mtoto mmoja amepata 75 katika 100, katika shule yenye vitabu vya kutosha, ambako wenzake wengi wamepata 70. Mwingine amepata 62, katika shule ambako mwalimu mmoja hufundisha madarasa mawili, na wenzake wengi hawakufika 35. Ni yupi aliyekwenda mbali zaidi kwa nguvu zake mwenyewe? Mzee aliyepata kulima penye mawe na penye udongo mzuri ajua jibu bila kufundishwa.

Serikali nayo imeliona jambo hili. Sera ya elimu maalumu ya mwaka 2009 iliwahesabu wenye vipawa miongoni mwa watoto wenye mahitaji maalumu. Neno hilo ni zito. Maana yake ni kwamba kipawa si fahari tu, bali ni haja. Mtoto amalizaye hesabu kabla ya wenzake, asipewe kazi nyingine, huanza kuchezacheza. Huitwa mtundu, huadhibiwa, na mwisho huichoka shule. Hivyo hupotea mtu ambaye angetufaa sote.

Wala shida hii si yetu peke yetu. Katika wilaya ya Broward, jimbo la Florida huko Marekani, watoto waliochunguzwa ili waingie madarasa ya wenye vipawa walikuwa wale waliotajwa na walimu au wazazi wao. Mwaka 2005 wakuu wa elimu wakaanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili. Wachunguzi wawili, Card na Giuliano, walichapisha habari hizo mwaka 2016. Walionyesha kwamba idadi ya watoto maskini, ya watoto weusi na ya wenye asili ya Kihispania waliotambuliwa iliongezeka sana. Watoto hao walikuwapo siku zote, ila hapakuwa na aliyewatazama. Upimaji ule uliposimamishwa kwa uchache wa fedha, idadi ikashuka tena.

Hapa kwetu, mwaka 2025 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walimaliza Gredi ya 9. Katika hesabu ya kuwapeleka shule za juu, sehemu 60 katika 100 zilitoka katika mtihani wa mwisho, 20 katika mtihani wa Gredi ya 6, na 20 katika kazi zilizopimwa shuleni. Basi jicho la mwalimu sasa lina uzito wake. Lakini jicho nalo huvutwa na mtoto msemaji, nadhifu, ajuaye Kiingereza. Yule mnyamavu wa nyuma, na yule binti achelewaye kwa kuteka maji, hawaonekani upesi.

Kwa hiyo twaleta shauri hili, lenye sehemu tatu.

Kwanza, Chama kiwaombe walimu wakuu wa shule za umma za eneo letu wawatazame watoto wote wa Gredi ya 4, bila kungoja mzazi aje kusema, na waandike majina ya wenye dalili za kipawa, kiwe cha hesabu, lugha, ufundi au muziki. Samaki mkunje angali mbichi.

Pili, watoto hao wasaidiwe papo hapo walipo, kwa vitabu na kwa mafunzo ya Jumamosi, wala wasitengwe na wenzao.

Tatu, na hili ndilo kubwa, nusu ya Mfuko wa Karo itengwe kwa mwanafunzi aliye wa kwanza katika kila shule, hata kama alama zake ni chini ya zile za shule za mjini. Nusu ya pili ibaki kwa kanuni ya sasa, yaani alama za juu kupita zote.

Twajua wako watakaosema kwamba aliyepata 75 ananyimwa haki yake. Neno lao si la kupuuzwa, na ndiyo sababu hatukuomba mfuko wote. Lakini fedha hizi zimechangwa na vijiji vyote, hata vile ambavyo havijapata kumwona mtoto wao akipewa karo.

Mwisho, kila mwaka taarifa hii ya Chama ionyeshe ni watoto wangapi waliotambuliwa, wametoka shule zipi, wasichana ni wangapi, na wangapi wangali shuleni baada ya miaka miwili. Hesabu hiyo ikiwa mbaya, tubadili kanuni.

Kwa heshima twaliweka shauri hili mikononi mwenu, mlipigie kura.