Pumzi Inapokuwa Fupi
Mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Waliopewa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, mapema, sambamba na matibabu ya saratani, waliishi kwa nafuu zaidi. Tena waliishi wastani wa kati wa miezi 11.6, wenzao 8.9.

Huku kwetu tiba hiyo mara nyingi huitwa mwishoni, kama mwosha maiti. Ni kosa. Mtu anayelala ameketi, mito minne mgongoni, akikata sentensi katikati ili avute pumzi, anahitaji msaada leo. Morfini ya maji huweza kupunguza dhiki yake ya pumzi. Uganda, wauguzi waliosomea kazi hiyo huiandika wenyewe, bila kumsubiri daktari.