NASAHA KWA WAZEE NA WALIMU: MTOTO ASIYETULIA DARASANI



Hapana skuli ya Unguja wala Pemba isiyokuwa na mtoto ambaye daftari lake halijai. Mwalimu yumo katikati ya somo, yeye amekwishanyanyuka. Akitumwa dukani chumvi na vitunguu hurudi na chumvi tu, na chenji ameisahau huko huko. Nyumbani huitwa mtundu, skulini mkaidi, na chuoni bakora humfika kabla ya wenziwe. Aghalabu hakukusudia lolote katika hayo.

Hali hiyo si ngeni. Mwaka 1902 Daktari George Still aliwaeleza madaktari wenziwe mjini London habari za watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia. Leo inafahamika kuwa kwa sehemu kubwa hurithiwa. Basi baba amchapaye mwanawe huenda anaichapa tabia aliyompa mwenyewe.

Hata hivyo, si kila asiyesikiliza ana hali hiyo. Mtoto kwanza apimwe masikio na macho, na iulizwe kama amelala vya kutosha na kama amekula asubuhi. Dalili zenyewe huanza kabla ya miaka 12, hudumu miezi 6 au zaidi, na huonekana zaidi ya mahali pamoja. Hapo ndipo penye uzito. Mwalimu wa skuli humwona asubuhi, mwalimu wa chuo alasiri, mama usiku. Wasipokutana, kila mmoja humhukumu kwa ushahidi nusu.

Daftari dogo la kwenda na kurudi mkobani latosha kuwaunganisha. Mwalimu aandike jambo moja lililotimizwa na moja lililomshinda mtoto, na jioni mzee ajibu. Asiyejua kusoma asomewe. Mtoto akae mbele, mbali na dirisha, apewe kazi kidogo kidogo, na miguu ikimwasha atumwe kufuta ubao. Maagizo yawe moja moja, na sifa zitolewe papo hapo. Katika darasa lililojaa hayo si mepesi, lakini bakora nayo haijapata kumfundisha mtoto huyu kukumbuka vitunguu.

Wasisahauliwe wasichana wanaozama katika mawazo kimya kimya. Hawamsumbui mtu, na kwa hiyo huachwa nyuma bila ya kuonekana.

Dawa ni shauri la daktari. Kwa watoto wa miaka 4 na 5 hutangulizwa kuwafunza wazee namna ya kumwongoza mtoto. Mwalimu mwenye mtoto wa aina hii asingojee ripoti ya mwisho wa mwaka. Amwite mzee wiki hii, na mwalimu wa chuo naye aalikwe.