Dolari ifike nzima: namna ya kupunguza malipo ya kutosha feza

Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanachama



Leo komite inasema juu ya jambo moja tu. Siyo mchango wa mwezi, siyo uchaguzi. Ni yale makuta tunayoacha kila mara tunapotosha makuta yetu wenyewe, kwenye kabine ya simu hapa kwetu, au kwenye mashine ya banki kwa wale wanaofika mjini na kadi. Mtu mmoja akiangalia anaona ni kitu kidogo, dolari moja, franka elfu kadhaa. Lakini sisi tuko wengi, na tunatosha mara nyingi.

Wale kati yetu waliokaa upande wa Kigoma waliona M-Pesa Tanzania tangu mwaka 2008. Kongo iliingia mwaka 2012, na leo kuna Airtel Money na Orange Money pia. Hatukuja kusema vibaya juu ya simu. Bila simu, wengi wetu tungekuwa bado tunamkabidhi dereva bahasha na kuomba Mungu. Tunachosema ni hiki: tujifunze kuitumia bila kukatwa pasipo lazima.

Kwanza tuelewe feza inaliwa wapi. Tuchukue mfano, hesabu ya kufundishia tu, siyo bei ya kampuni yoyote. Dada yako aliye Lubumbashi anakutumia dolari 50. Kutuma kunalipiwa. Kutosha kunalipiwa. Halafu mwenye kabine anakuambia, "Mama, makuta iko kidogo leo," na yeye anaongeza yake, ambayo haikuandikwa popote. Tuseme kila mlango umekula dolari moja tu: zimetoka tatu. Akikutumia mara kumi kwa mwaka, ni dolari 30. Kwa dolari 30 mtu ananunua mbegu na jembe, na kitu kinabaki.

Yule mwenye kabine naye ana hoja yake. Noti haziji peke yake. Lazima mtu azifuate Uvira, azipitishe njiani kwa hofu ya wanyang'anyi, azilaze nyumbani kwa hofu ya wezi. Siku ambayo walimu wanalipwa, au shirika linagawa msaada, watu wote wanataka noti kwa saa moja. Kitu kikiwa adimu, bei inapanda. Tuliona mfano mkubwa zaidi Goma mwaka 2025: banki zilipofunga milango kuanzia mwezi wa kwanza, noti zikakosekana, waliobaki na noti wakaziuza kama bidhaa, na wenye kadi wakavuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta mashine. Basi tukumbuke: tunapotosha feza tunanunua noti. Mtu asiyehitaji noti asinunue.

Kwa nini tunasema hili kwa nguvu? Kuna mwenzetu mmoja alijifungua salama. Bili ilikuwa dolari 45. Ndugu zake walichangishana, wakatuma dolari 45 kamili kwenye simu ya mume. Alipotosha, zikapungua. Kule alikolazwa hawakumruhusu kutoka, maana deni halijaisha, na ninyi mnajua desturi hiyo. Mume akazunguka kutafuta makuta machache yaliyobaki. Zikapita siku mbili, na kitanda cha siku hizo mbili nacho kikaandikwa kwenye bili. Mama na mtoto walizuiliwa na malipo ya kutosha feza, siyo na ugonjwa. Wafadhili wetu wakituuliza kwa nini tunapoteza mkutano mzima kwa dolari mbili, tutawajibu na habari hii.

Sasa tuje kwa dawa.

La kwanza, tuma na ya kutolea. Maneno haya tuliyajua Tanzania, na maana yake ni wazi: anayetuma aongeze juu kidogo, ili anayepokea atoe kiasi kamili kilichohitajiwa. Mzigo haujapotea, lakini umebebwa na mwenye uwezo, na mgonjwa hafiki dirishani akiwa amepungukiwa. Waambieni watoto na ndugu walio mbali.

La pili, soma ubao wa bei. Malipo ya kutosha yanapangwa kwa ngazi: kutoka kiasi hiki hadi kiasi hiki unalipa hivi. Mara nyingi kutosha mara moja ni rahisi kuliko kutosha vipande vitano. Lakini ukiwa umevuka ngazi kwa franka kidogo tu, rudi chini ya mstari. Kabine isiyo na ubao, ulizeni bei kabla ya kutoa simu. Na mtu akikuambia, "Usitoshe, nitumie tu kama rafiki, halafu nikupe noti," fahamu kwamba hapo unafuata bei ya kinywa chake, na ukidhulumiwa kampuni haitakuwa na la kukusaidia.

La tatu, usitoshe kabisa. Kabla ya kwenda kabine jiulize: hizi noti nitampa nani? Kama ni shule, uliza kama shule inapokea kwa simu. Kama ni duka la dawa, uliza. Kama ni yule unayenunua kwake mchele kila wiki, uliza. Kulipa kwa simu kunaweza kuwa na gharama yake ndogo, lakini umeondoa mlango mmoja. Omba risiti kwa jina la mtoto au la mgonjwa, siyo la mtumaji.

La nne, chunga aina ya feza. Simu zetu Kongo zina mifuko miwili, mmoja wa dolari na mmoja wa franka. Ukitumiwa dolari, ukabadilisha kuwa franka, kisha ukalipe deni lililoandikwa kwa dolari, umekatwa mara mbili na hata hukuona kisu. Acha dolari ibaki dolari kama deni ni la dolari. Na ukipokea noti za dolari, zikague palepale dirishani. Noti iliyopasuka kidogo huku kwetu haipokelewi, au inapokelewa kwa kupunguzwa. Hiyo nayo ni malipo ya kutosha feza, ila imefichwa.

La tano, ni kwa wenye kadi: walimu na wafanyakazi wa serikali wanaolipwa kwa banki, na wageni wetu wanaokuja kututembelea. Tumia mashine ya banki yako mwenyewe. Ya banki nyingine mara nyingi inaongeza malipo. Usiulize salio kila dakika, maana kuna banki zinazolipisha hata swali hilo. Kama malipo ni yaleyale kwa kila safari ya kutosha, chukua kwa mara moja kinachotosha mwezi, lakini usitembee nacho chote barabarani. Nauli ya pikipiki kwenda mjini na kurudi, iandike pia kwenye hesabu. Kuna mwalimu anayekwepa malipo ya kabine, kumbe amelipa mara tatu zaidi kwa pikipiki.

Mgeni wetu anayetoka Ulaya, Marekani au Kanada anakatwa sehemu tatu: mwenye mashine, banki yake kule nyumbani, na bei ya kubadilisha feza. Aulize banki yake kabla ya kusafiri. Na mashine ikimwomba ikubali kuhesabu kwa feza ya nchi yake, ajibu hapana, achague feza ile ile anayopewa mkononi. Kwa kawaida bei ya mashine ni mbaya kuliko ya banki yake.

La sita ndilo hasa tunalolileta mbele yenu leo, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kulifanya peke yake.

Kila mkutano sisi tunaleta noti. Mchango, marejesho ya mkopo, akiba: vyote vinaingia kwenye sanduku la kufuli tatu, na kila ufunguo uko kwa mtu wake. Siku hiyohiyo, kuna mama hapa ndani ana makuta kwenye simu na anakwenda kabine kuyatosha. Na wiki ileile, mweka hazina wetu anachukua noti za sanduku na kwenda kabine kuziweka kwenye simu ili alipe shule au dawa ya mwanachama. Mmoja anatosha, mwingine anaweka, na wote wamekaa kwenye benchi moja! Basi sanduku na simu vikutane hapahapa.

Namna yake ni hii. Mwanachama anatuma kiasi kwenye namba ya chama. Mweka hazina haangalii ujumbe tu, kwa kuwa ujumbe wa uongo upo; anaangalia salio lenyewe. Likiwa limeingia, wenye funguo tatu wanafungua, wanahesabu noti kwa sauti, mwanachama anahesabu tena, anaweka saini au kidole kwenye daftari. Ya kutuma atalipa kama kawaida. Ya kutosha inaanguka yote. Na sisi tunabaki na feza ndani ya simu, ambayo tutalipia madeni bila kuigeuza noti. Sanduku nalo linakuwa jepesi, na sanduku jepesi halimwiti mwizi.

Tunaomba mpitishe jambo hili na mipaka yake minne. Ni kwa wanachama peke yao, siku ya mkutano peke yake. Chama hakitachukua hata franka moja ya faida. Sisi siyo banki wala kabine, na hatuna ruhusa ya kuwa hivyo. Sehemu ya noti ya msiba na ya ugonjwa wa ghafla haitaguswa, maana kifo hakingoji mtandao urudi. Na namba ya chama itakuwa na watu wawili wanaoijua hesabu yake. Namba ya siri haitaandikwa ukutani, wala kwenye daftari, wala haitatajwa kwa mtoto anayetumwa.

Kwa ninyi wafadhili, maombi yetu ni mafupi. Tumeni kwa namba ya chama, siyo kwa simu ya mtu. Tumeni mara moja kwa kazi moja, siyo vipande. Semeni wazi kama kiasi kimebeba na ya kutolea. Na mnapopokea ripoti yetu, tafuteni mstari unaosema "malipo ya kutuma na kutosha". Tutauandika kila robo ya mwaka. Kama umepanda, tuulizeni. Kama umeshuka, mjue tofauti imekwenda kwa nani.

Tulirudi kutoka Lugufu, kutoka Nyarugusu, kutoka Burundi, na mizigo ya kubebwa kichwani. Hakuna aliyetudharau kwa kuhesabu vikombe na sufuria moja moja tulipoteremka kwenye meli pale Baraka, maana kila mtu alijua ndivyo vilivyobaki. Tuhesabu na dolari namna ileile.

Sasa tunawapa nafasi ya maswali, kisha tupige kura kwa kunyanyua mkono.