Mbaraka hatoshi katika kanda moja

Ukipita Mwanjelwa pale Mbeya, au Miomboni mjini Iringa, hukosi kumkuta kijana mwenye kompyuta na spika mbili zinazonguruma. Kwa bei ya soda mbili tatu anakujazia flashi na kukuambia: "Mzee, hapa una Mbaraka wote." Zamani ilikuwa kanda, na kabla ya kanda ilikuwa santuri. Chombo kimebadilika, ahadi ni ileile. Wiki hii naomba tuihoji ahadi hiyo.

Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka 1944. Aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya sitini, na mwaka 1970 bendi hiyo ikasafiri hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 akajitenga na kuanzisha Super Volcano. Tarehe 12 Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, hajafikisha hata miaka 35. Kazi yenyewe haikufika miaka kumi na mitano, lakini redioni hajawahi kupumzika. Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini, tunaoshuka na kupanda Kitonga kwa mabasi ya kutoka Morogoro, tumemsikia njia nzima, kuanzia Mikumi hadi Uyole.

Alipokufa, Nairobi zilitolewa santuri kubwa zenye jina la Ukumbusho, moja baada ya nyingine. Nazisifu kwa jambo moja: aliyezipanga hakujaribu kumkamua mtu huyo mpaka aenee kwenye santuri moja. Ujerumani nako, kampuni ya Dizim ilitoa CD iitwayo Masika mwaka 2000, ikashughulikia Morogoro Jazz peke yake. Hiyo nayo ni busara. Mbaraka wa Morogoro Jazz na Mbaraka wa Super Volcano ni mtu mmoja mwenye vidole vilevile, lakini si muziki mmoja. Ukiwachanganya bila kuandika mwaka, msikilizaji hasikii mtu anavyokua. Anasikia gitaa tu.

Kasoro kubwa ya hizi za mitaani iko kwenye mkasi. Santuri ndogo ya siku zile ilikuwa na pande mbili, na wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Sehemu ya kwanza ndiyo yenye maneno mengi. Ya pili ndiyo gitaa la solo linapofunguka, rizimu na besi zinashikana, na watu ukumbini wanaacha kukaa. Sasa wakusanyaji wengi wanachukua sehemu ya kwanza, wanaitupa ya pili, ili nyimbo ziwe nyingi. Umenunua nyimbo arobaini, kumbe umenunua nusu arobaini! Mpiga gitaa anayesifiwa kuliko wote nchini ananyamazishwa pale anapoanza kupiga.

Lakini mkasi wa pili ni mbaya zaidi, maana huo hausikiki. Ni ule unaochagua wimbo upi uingie. Bob Marley alifariki mwaka 1981. Mwaka 1984 ikatoka Legend, nyimbo 14, na imeuzwa kwa mamilioni duniani kote. Ni santuri nzuri, sibishi. Ila waliochagua waliegemea mno nyimbo laini, za mapenzi na za kufarijiana, na nyingi za zile kali wakaziacha nje. Wako vijana waliojifunza Marley kwa santuri hiyo peke yake, wakamjua mtu mpole kuliko alivyokuwa.

Mbaraka naye anafanyiwa hivyohivyo. Flashi imejaa mapenzi na usaliti, na Shida, kibao chake cha mwishomwisho, ni lazima kiwemo. Mimi nina kipimo kimoja nikishika mkusanyo wake: natafuta wimbo wa Dk. Klerruu.

Wa Iringa hawahitaji kuelezwa. Dk. Wilbert Klerruu alikuwa Mkuu wa Mkoa wao, mtu wa kusukuma vijiji vya ujamaa kwa nguvu zote, na Isimani palikuwa na wakulima wakubwa wa mahindi ambao jambo hilo liliwagusa mashamba yao. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971 alikwenda shambani kwa Said Mwamwindi. Wakagombana, Mwamwindi akampiga risasi akamwua, kisha akaubeba mwili kwa gari la marehemu mwenyewe hadi polisi Iringa. Mahakama ilimhukumu kifo. Chuo cha Ualimu cha pale mjini kina jina la Klerruu. Mbaraka na Morogoro Jazz walitoa wimbo wa kumwomboleza.

Muuzaji atakuambia, mzee, nani anataka msiba kwenye baa? Na mwingine atasema Isimani bado wapo wanaolisimulia jambo hili kwa namna yao, wanaosema Mwamwindi alidhalilishwa kwenye shamba lake, basi kwa nini tuwachokoze? Hoja ya pili naiheshimu. Wimbo ule uliimba kilio cha upande mmoja, upande wa serikali na wa redio. Hata hivyo ndivyo nchi ilivyolia hadharani mwaka ule, na aliyeliimba ni huyuhuyu tunayemchezea. Ukiuondoa hujamtendea haki Mwamwindi wala Klerruu. Umemfanya Mbaraka mtumbuizaji tu, asiyejua anaishi nchi gani.

Kwa hiyo, kijana wa Miomboni, ukimjazia mteja flashi, uweke wimbo huo. Usiufiche mwishoni baada ya vibao vyote. Uweke mahali pake, nyuma ya nyimbo za safari ya Japani na kabla ya Super Volcano. Sehemu zake zikiwa mbili, zote mbili ziwemo. Na kwenye karatasi ya jalada uandike tarehe 25 Desemba 1971, Isimani, na majina ya watu wote wawili.