Chakula cha Sikukuu: Tule kwa Furaha na kwa Kiasi

(Maneno kwa watu wa Mumias)



Hapa Mumias sikukuu hazikosi. Uislamu uliingia katika nchi hii ya Wanga pamoja na wafanya biashara wa pwani, na misheni zikaja baadaye. Basi Idi ina wenyewe na Krismasi ina wenyewe, na mara nyingi jirani humwalika jirani. Jambo hilo ni la kushukuriwa. Sikuja kuwakataza kula, kwa maana alaye kwa hofu hafaidi chakula chake. Nataka tufikiri mambo matatu tu.

La kwanza ni hili: nani anakula? Mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na firigisi hupewa mkubwa wa nyumba. Desturi hiyo ni njema. Lakini zamani mwanamke wa Kiluhya alikatazwa kula kuku na mayai, ingawa yeye ndiye aliyefuga na kupika. Mwiko huo umepungua sana. Hata hivyo ziko nyumba ambamo mama na watoto hungojea mchuzi na mifupa. Nyama na mayai hujenga mwili, na mama mja mzito na mtoto aliyeachishwa ziwa ndio wenye haja zaidi. Yafaa kuku agawanywe jikoni, kila mtu apate fungu lake.

La pili ni kile kilichomo katika sahani. Watu wengine huona haya kumwekea mgeni mboga za kienyeji, wakidhani ni chakula cha maskini. Sivyo. Saga, mnavu, kunde na mrenda huongeza damu na nguvu, na ladha yake mgeni aliyetoka Nairobi huitamani mwaka mzima. Ziwekwe karibu na nyama, na maji ya kunywa yawe karibu kuliko soda. Tena tule polepole tukizungumza, kwa sababu tumbo huchelewa kumjulisha mwenyewe kwamba limejaa. Naye aliyeshiba asilazimishwe kuongeza. Kukataa kwake si dharau.

La tatu ni siku za baadaye. Kiwanda cha sukari kilianza kazi hapa mwaka 1973, na mashamba mengi yaliyokuwa ya chakula yakapandwa miwa. Mua hukaa shambani miezi 18 au zaidi, kisha fedha huja kwa mara moja. Mkulima akizimaliza zote kwa karamu ya Desemba, Januari watoto watakwenda shule bila uji. Ahesabu kwanza karo na mahindi ya nyumbani, ndipo anunue nyama. Na kila nyumba ibakize kipande cha shamba kwa mboga, wimbi na maharagwe.

Wahenga walisema, Kula kutamu, kulima mavune. Sikukuu njema ni ile ambayo wote wamekula, wamecheka, na kesho yake chungu bado kiko motoni.