Gari la Kubebea Baiskeli Zetu: Maelezo ya Kamati ya Fedha

(Maneno yaliyotolewa kwa niaba ya Kamati ya Fedha kwenye mkutano mkuu wa wanachama, Dar es Salaam)



Tumepewa dakika 15 kueleza jambo moja, nalo ni gari. Tutaanza na pale tulipokosea, kwa sababu wengi wenu mmeshasikia habari zake kwenye misiba na harusi, na si vizuri mtu aombwe mchango na watu wanaoficha kitu.

Mwezi Novemba tulilipa arbuni ya shilingi 3,000,000 kwenye yadi moja ya magari hapa mjini. Gari lilikuwa Toyota Hiace ya mzigo, nyeupe, safi, injini inaitika vizuri. Tulilipenda. Tuliosaini hundi ni sisi watatu wa kamati hii, na kati yetu wawili ni wahasibu wa kusomea. Hakuna hata mmoja aliyebeba futi ya kupimia. Tulipogundua kwamba baiskeli hazitatosha, tulirudi kuomba fedha zetu, tukarudishiwa 1,500,000. Nusu nyingine ilibaki yadi, kwa mujibu wa karatasi ambayo sisi wenyewe tuliisaini bila kuisoma mstari wa mwisho. Hasara hiyo imeandikwa kwa jina lake kwenye hesabu, ukurasa wa 6. Sisi watatu tumekubaliana kuirudisha mifukoni mwetu, na hadi leo tumesharudisha 900,000. Iliyobaki ni 600,000.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kwa wageni waliokuja leo kwa mara ya kwanza: chama kina baiskeli za umeme 12. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi zinatumiwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii kule juu kwetu. Mnaijua milima ile. Mhudumu anayetembelea kaya kwa miguu anamaliza nne au tano, jua limezama. Akiwa na baiskeli ya mota anafika mpaka kwenye vile vitongoji ambavyo bodaboda anadai nauli mara mbili. Ijumaa baiskeli zinapelekwa Lushoto mjini, na Jumamosi na Jumapili zinakodishwa kwa wageni wanaotaka kuona msitu wa Magamba na kuendelea upande wa Lukozi. Fedha za wageni ndizo zinazolipa fundi na spea. Jumatatu zinarudi Mtae.

Kila safari hiyo tumekuwa tukikodi Canter kwa shilingi 90,000. Mwaka uliopita tulisafirisha kwa wiki 46, mara mbili kwa wiki, yaani safari 92. Jumla ni 8,280,000. Mapato yetu ya kukodisha mwaka huo yalikuwa 13,650,000. Ukitoa Canter, ukatoa spea 2,140,000 na posho ya fundi 2,400,000, tunabaki na 830,000.

Wengine mtasema, hata hivyo tumebaki na kitu. Hapa ndipo tunapoomba mtusikilize kwa makini. Betri ya baiskeli hizi ni ya lithiamu. Inachajiwa, inatumika, inachajiwa, na kila mwaka inapungua nguvu. Zetu zina miaka miwili. Tukizitunza vizuri tunategemea miaka miwili mingine. Betri moja mpya, kwa bei tulizopewa na wauzaji, ni kama 800,000. Zidisha kwa 12, unapata 9,600,000. Kwa akiba ya 830,000 kwa mwaka, tutakuwa na vyuma 12 vilivyoegemezwa ukutani, na wahudumu wetu watarudi kutembea. Hatusemi hivyo kuwatisha. Wiki sita za masika yaliyopita ilishatokea: wenye Canter walikataa kupanda kwa sababu ya tope, baiskeli zikakwama Lushoto, na wahudumu wote 12 walizunguka kwa miguu kwenye mvua. Mmoja wao yumo humu ukumbini. Muulizeni.

Mzee mmoja alituuliza kwenye kikao cha Januari: kwa nini wageni wasiziendeshe wenyewe hadi Mtae, tukaokoa nauli? Ni swali zuri, na tulilijaribu. Kutoka Lushoto hadi Mtae ni kama kilomita 60, na betri zetu kwenye vilima vile zinakwenda kilomita 30 hadi 35, kisha mgeni anabaki na baiskeli yenye uzito wa kilo 28 na mlima mbele yake. Wageni wawili walifika Rangwi wakiwa wanazisukuma. Walikuwa wastaarabu, lakini hawakurudi.

Basi, gari gani?

Baada ya aibu ya Novemba tulikwenda Lushoto na chaki. Pale kwenye stoo yetu sakafu ni ya saruji. Tukachora umbo la sehemu ya mzigo ya ile Hiace ya kawaida tuliyokuwa tumeilipia: urefu mita 3, upana mita 1.52. Tukaanza kupanga. Baiskeli moja ina urefu wa karibu mita 1.8, kwa hiyo haikai kwa kukingama, inagusa ukuta. Ukizilaza kwa urefu wa gari, mistari miwili inahitaji mita 3.6, nawe una 3. Tulihangaika nazo asubuhi nzima, na zilizoingia bila kukwaruzana zilikuwa sita. Mtu angeweza kulijua hilo kwa chaki ya shilingi 100.

Kisha tukafuta, tukachora ile Hiace ndefu na pana yenye paa la juu. Hii kwa nje ina urefu wa mita 5.38 na upana wa mita 1.88, na ndani ya sehemu ya mzigo ni takriban mita 3.54 kwa 1.73. Hapa baiskeli zilikaa kwa kukingama, zimelazwa kidogo upande, gurudumu la mbele limekunjwa, moja inatazama kushoto na nyingine kulia ili mikono ya usukani isigongane. Ziliingia kumi. Ya kumi na moja iliingia kwa kulazimisha. Ya kumi na mbili ilibaki nje.

Tulisikitika, mpaka fundi wetu akacheka. Akasema tangu aanze kazi hajaona wiki ambayo baiskeli zote 12 ni nzima kwa pamoja. Mbili huwa kwake daima. Tukafungua daftari lake, tukakuta ni kweli. Kwa hiyo gari la baiskeli kumi ndilo gari letu.

Mtaona kwamba uzito haukutusumbua kabisa. Baiskeli kumi ni kilo 280, ongeza reli za kufungia na watu wawili, hufiki nusu tani, na gari hilo limetengenezwa kwa mzigo wa tani moja hivi. Shida ya baiskeli ni nafasi. Aliyezoea kupakia viazi mviringo hapimi nafasi, anapima magunia, na sisi tulifikiri kama wapakia viazi.

Kulikuwa na hoja nyingine kutoka kwenu, na hatuwezi kuzipita bila kuzijibu. Noah: inakula mafuta kidogo, lakini haivuki baiskeli nne, tena iko chini. Pikapu ya kabini mbili: kamati nzima iliipenda, hasa viongozi, na mnajua kwa nini. Inabeba tano, na bei yake ingemaliza michango ya miaka mitatu. Tela la kuvutwa nyuma: ni rahisi kulinunua, lakini aliyependekeza tulimwomba afikirie kona za pale Soni, basi linashuka, nawe una tela nyuma. Aliondoa hoja mwenyewe.

Iliyotuumiza kichwa ni Canter ya kwetu wenyewe. Wazee wengi waliitaka, na sababu yao ni ya maana: siku isiyobeba baiskeli itabeba kabichi na plamu, italipa gharama zake. Inabeba baiskeli zote 12 na nafasi inabaki. Tuliikataa kwa mambo mawili. La kwanza, iko wazi. Turubai halizuii mvua ya masika wala vumbi la kiangazi, na maji yakiingia kwenye viunganishi vya waya baiskeli inazima njiani. La pili tutalisema kwa heshima. Gari la chama likishaanza kubeba kabichi, Ijumaa moja kabichi itakuwa na haraka kuliko baiskeli, na mwenye kabichi atakuwa ni mjomba wa mtu. Tumeona miradi ya namna hiyo, na vitabu vyake tumevikagua.

Tulichagua pia injini ya petroli, lita 2.7, inayovuta magurudumu yote manne. Wapo waliosema dizeli ni nafuu barabarani, na ni kweli. Lakini Hiace za dizeli za miaka ya karibuni kutoka Japani nyingi zina kichujio cha moshi kinachoziba likitembea safari fupi fupi, na nozeli zake zikifa, bei ya kuzibadili inaweza kufuta faida ya mafuta ya mwaka mzima. Ile ya petroli fundi wa Lushoto anaifungua na kuifunga. Magurudumu manne ni kwa ajili ya zile wiki sita.

Kuhusu betri njiani: zitatolewa kwenye baiskeli kabla ya kupakia, zitakaa kwenye sanduku la chuma lenye matundu, zimefungwa zisicheze. Hazitachajiwa ndani ya gari, na gari halitaachwa juani mchana kutwa zikiwa ndani. Betri ya lithiamu ikiwaka haizimiki kirahisi kwa mtungi mdogo wa poda. Inataka maji mengi ya kuipoza. Iliyovimba au iliyoanguka haipandi gari. Sheria hiyo fundi ameshaiandika mlangoni.

Sasa gharama, na hapa tutawaambia hata lile lisilopendeza.

Gari lililotumika la aina hiyo, mpaka lipate namba na kufika Lushoto, tumelikadiria 52,000,000. Humo mna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine, tulizopiga kwa kikokotoo cha magari cha TRA, siyo kwa maneno ya dalali. Msitegemee msamaha wa kodi. Chama kusajiliwa peke yake hakutupi msamaha. Safari hii pia hatutalipa senti kabla ya kuona karatasi ya mnada wa Japani, yenye daraja la gari na kilomita, na kuilinganisha na kinachosomeka kwenye dashibodi.

Kuliendesha: kilomita 240 kwa wiki, kwa wiki 46 ni kilomita 11,040. Kwa kilomita 8 kwa lita ni lita 1,380, na kwa shilingi 3,000 kwa lita ni 4,140,000. Matairi, bima na matengenezo 1,900,000. Nyongeza ya posho kwa fundi, ambaye ndiye atakayekuwa dereva, 600,000. Jumla 6,640,000. Tukilinganisha na Canter ya kukodi, tunaokoa 1,640,000 tu kwa mwaka, bila kuhesabu uchakavu wa gari. Ukiangalia hapo peke yake, gari halistahili kununuliwa. Tuliwaambia hivyo viongozi, na mmoja alitutazama kama tumemsaliti.

Kinachobadilisha hesabu ni makundi tunayoyakataa. Mwaka jana tulikataa makundi 19 ya wageni kwa kukosa usafiri, na yamo kwenye daftari la simu, kila moja na tarehe yake. Kundi moja kwa wastani linalipa 210,000. Hiyo ni 3,990,000. Ukijumlisha na tunachookoa, ni 5,630,000 kwa mwaka. Miaka miwili inatufikisha 11,260,000, na betri zote 12 ni 9,600,000. Tukipata nusu tu ya makundi hayo, hatutafika, na tutarudi mbele yenu kusema hivyo.

Fedha hizo zitawekwa akaunti ya peke yake. Kutoa kutahitaji saini tatu, moja ya mwakilishi wa wahudumu wa afya.

Tulichonacho benki hadi jana jioni ni 31,400,000. Pungufu ni 20,600,000. Fomu za ahadi ziko katikati ya kijitabu hiki. Anayetaka kutoa leo, mweka hazina yuko meza ya kushoto, na kila mtu aondoke na stakabadhi, hata kama ametoa 5,000. Majina ya waliotoa na kiasi yatasomwa, isipokuwa kwa atakayeomba lake lisisomwe.

Picha ya ile sakafu ya chaki tumeichapisha jalada la nyuma, vipimo vimeandikwa pembeni. Mwenye futi nyumbani apime, na akikuta tumekosea tena, atupigie kabla ya mwisho wa mwezi, maana ndipo tunapoagiza.