VIPANDE VYA MPINGO NYUMA YA GHALA
(Hotuba ya Katibu kwa wanaushirika)



Maneno haya tuliyasema mkutanoni. Tunayaandika hapa ubaoni kwa ajili ya wale waliokuwa shamba. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.

Jambo lenyewe ni lile lundo. Gogo la mpingo likipasuliwa, kinachofaa kutengenezea zile zumari za Ulaya, yaani klarineti na oboi, ni kidogo, maana hawataki ufa wala fundo. Kinachobaki sisi tunakiita takataka. Anakuja mfanyabiashara na magunia yake, anakichukua kwa bei ya mkaa, basi. Sasa kikundi cha ufundi kinaomba lundo lisiuzwe, wapewe wao wakereze filimbi za kuitia bata. Wengine mlicheka. Haya, tuelezane.

Huko Marekani wawindaji huwaita bata-mwitu kwa filimbi. Katika mji wa Stuttgart, jimbo la Arkansas, tangu mwaka 1936 wana mashindano ya kuita bata, watu wazima wanapanda jukwaani wanalia kama bata! Na wako wanaonunua filimbi hizo kwa ajili ya pambo tu, hawazipigi kabisa. Mpingo wanaupenda kwa kazi hiyo, kwa sababu ni mzito, haunywi maji upesi, na ukisuguliwa unang'aa wenyewe. Hao wapenda pambo wanapenda pia mbao za rangi mbalimbali zilizounganishwa kwa gundi. Hapo ndipo vipande vyetu vidogo vinapopata kazi.

Chombo chenyewe kina sehemu mbili. Kuna bomba, la kupulizia, na kuna kizibo kinachoingia ndani ya bomba. Kizibo kimechongwa mfereji, na juu ya mfereji umelazwa ulimi mwembamba wa plastiki uliokazwa kwa kabari ya kizibo cha chupa. Pumzi ikipita, ulimi unatetemeka, sauti inatoka. Ni ndugu wa zumari, si wa filimbi ya refa.

Sasa gundi. Hapa tusikilizane sana, maana kazi yote iko hapa. Mpingo una mafuta. Ukiupaka gundi hivi hivi utashika leo, kesho utabanduka. Kwanza mbao ziwe zimekauka sawasawa, yenye unyevu isichanganywe na kavu, kwa kuwa itasinyaa na kuvuta mwenzake. Zipigwe randa mpaka zikutane bila mwanga kupita katikati. Uso wa mpingo ufutwe kwa asetoni, na ukishakauka upakwe gundi papo hapo, si baada ya chakula. Gundi nzuri ni ile ya kuchanganya mbili, epoksi. Nyuzi za mbao zote zielekee upande mmoja, kwa urefu. Halafu zibanwe, ziachwe siku nzima. Kwa rangi tunayo mninga mwekundu na mfenesi wa njano, na katikati yao mweusi wa mpingo. Mafundi wabandike kwanza vipande viwili vya majaribio, wavivunje kwa nyundo. Ukichanika mfenesi, gundi imeshika. Ikiachia gundi yenyewe, wasiendelee.

Kipande kikishashikana kiwe na upana wa milimita 38 hivi kila upande. Kitobolewe kwanza kwa keekee, tundu la milimita 16, ndipo kikerezwe. Ukikereza kwanza ukatoboa baadaye, tundu likienda upande kazi yote imekufa. Na keekee iendeshwe kidogo kidogo, itolewe, unga umwagwe, maana mpingo ukipata moto hupasuka na gundi hulainika. Kisha kipande kivishwe kwenye chuma cha duara, kifungwe kwenye kerezo. Kerezo letu la kukanyaga kwa mguu linatosha. Halina mbio, ila halidai umeme wala dizeli. Bobari ya kuondoa pembe, patasi ya kulainisha, msasa mkali kisha mwororo, mwisho nta ya nyuki. Nta ni bora kuliko vanishi, kwa sababu kitu hiki kinawekwa mdomoni, na nta tunayo ya mizinga yetu.

Hatari zipo. Kipande kibovu kikiachia juu ya kerezo kinaruka kama jiwe la teo. Fundi avae miwani, asimame pembeni mpaka kimezunguka vizuri, na watoto wasikae mlangoni kutazama. Vumbi la mpingo linawasha ngozi, na kifuani si zuri hata kidogo, basi kitambaa puani.

Kuna jambo la sheria. Tangu tarehe 2 Januari 2017 mpingo umo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, kwa hiyo kabla ya kupeleka chochote nje ya nchi tumuulize kwanza Ofisa Misitu karatasi gani zinatakiwa. Na kijana asije akachukua filimbi hiyo kwenda bwawani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali.

Tena kazi hii ni ya vipande vilivyokwisha kukatwa. Hatutaki kusikia mtu kaangusha mpingo mchanga kwa kisingizio cha filimbi. Mti huu huchukua miaka 70, hata 100 na zaidi, kufikia kupasuliwa.

Bei ya mkaa tunaijua, ya filimbi bado hatujaiona mkononi. Kwa hiyo uongozi unapendekeza hivi: nusu ya lundo wapewe mafundi, watengeneze 10 za kwanza, zikaonyeshwe kwa wanunuzi wa vinyago mjini. Nusu nyingine ingoje hesabu hiyo. Kura itapigwa mkutano ujao. Mpaka hapo ufunguo unakaa kwa mtunza ghala, na gunia lisitoke hata moja.